Mwanangu, umeniuliza kuhusu Dhahran

Mwanangu Hamza,

Waalaikumu salamu. Sisi hapa Hoima hatujambo, ila mvua imekataa na muziri, wale samaki wadogo wa ziwa letu, zinakauka vizuri kuliko bei yake sokoni. Ujumbe wako niliusoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea baba yako. Unasema Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, wamekuita kazini Dhahran huko kwao, mshahara ni zaidi ya mara tatu ya unaoupata hapo Buliisa, na unauliza kama uende au ungoje mafuta yetu yaanze kutoka. Baba yako alijibu kabla sijafika mwisho: "Aende!" Ndiyo maana ninaandika mimi. Yeye alikuwa akiutuma mshahara kutoka Ghuba, mimi nilikuwa nikiupokea huku, na hadi leo hesabu zetu hazijawahi kulingana.

Nianze na hilo la kungoja, maana ndilo jepesi. Mafuta ya huku Uganda yalithibitishwa 2006. Tukaambiwa yatatoka 2018, ikawa 2020, ikawa 2025, na bado tarehe ikasogea. Februari 2022 wakubwa walipotangaza Kampala kwamba sasa fedha zinawekwa, bei ya viwanja hapa mjini ilipanda, na kodi ya kibanda changu ikapanda nayo. Kazi nyingi zilizokuja tangu hapo ni za ujenzi. Bomba la kilomita 1,443 hadi Tanga likishafukiwa, mchomeleaji anarudi kwao, dereva wa lori anarudi kwao, na wanaobaki kuendesha mitambo ni wachache. Wewe fundi wa vipimo unaweza kuwa mmoja wao. Mafuta yetu yana nta, bomba lazima lipashwe moto njia nzima yasigande, na aliyefunga vipimo vya mtambo wa namna hiyo haendi kuomba kazi kwa unyonge. Kwa hiyo usiongee na hao wa Dhahran kama wamekuokota. Wamekuita kwa sababu wanauhitaji ujuzi wako.

Lakini sikiliza hili, na baba yako analijua ingawa halisemi. Unakumbuka ulivyopata kazi yako ya sasa? Sheria ya mafuta ya 2013 inataka Mganda atangulizwe penye uwezo, na yule Mfaransa aliyekuwa akikufundisha alijua kwamba ukishaiva, yeye anafunga mizigo. Tulifurahi sana, hata mbuzi tulichinja. Sasa Saudia nao wana mpango wao wa kuwatanguliza vijana wao, ulianza 2011, na hapo Dhahran Mfaransa utakuwa wewe. Utakabidhiwa kijana wa kwao umfundishe, na siku akiiva hakuna atakayekuwa amekukosea. Sikuambii ili uogope. Nakuambia kwa sababu watu wengi huenda ugenini wakiwa na tarehe ya kuondoka nyumbani bila tarehe ya kurudi, na mwishowe hupangiwa na wengine.

Baba yako alipangiwa. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa juu ya dola 100, na Januari 2016 lilikuwa limeshuka chini ya 30. Alikuwa ameajiriwa kupitia wakala, wala si na kampuni yenyewe, na wa wakala ndio hutolewa kwanza. Alipewa barua asubuhi, na kibali chake cha ukaazi, ile iqama, kilikuwa mikononi mwa mwajiri. Wewe ulikuwa sekondari. Kile unachokumbuka ni masanduku na televisheni kubwa. Mimi nakumbuka nyumba ya njia ya Butiaba imesimama kwenye linta, nondo zimechomoza juu zinapata kutu.

Daftari langu la wakati ule bado ninalo, lile la jalada la bluu. Nimelifungua jana usiku. Mwezi mmoja wa mwaka 2013, upande wa kushoto: pesa zimeingia. Upande wa kulia: ada yako na ya Mariamu, ada ya mtoto wa baba mkubwa, matibabu ya shangazi yenu, mchango wa harusi ya Masindi, mchango wa msikiti, deni la boda ya mjomba, na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, saruji mifuko minne. Mifuko minne, mwanangu! Miezi mingine hata hiyo haimo. Kila mtu alijua siku ambayo mshahara wa Ghuba hutua, nafikiri kuna waliojua kabla yangu. Na huwezi kuwaita wezi, ni ndugu, na wewe mwenyewe ulisoma kwa pesa hizohizo. Ila kama utakwenda, kiwango cha ndugu kiwekwe kabla hujapanda ndege, nami niwe wa kukisema. Wakinichukia mimi nimeshazeeka, nitavumilia.

Sasa mkataba. Wa Aramco mwenyewe au wa mkandarasi wa Aramco? Barua uliyonipigia picha ina jina la Aramco katikati ya ukurasa, lakini muhuri wa chini sikuuelewa. Uliza. Halafu uliza kama ni mkataba wa kwenda na familia au wa kwenda peke yako, maana hayo ni maisha mawili tofauti. Anayekwenda na familia hupata nyumba ndani ya uzio, miti, bwawa la kuogelea, na shule ya kampuni ya mtaala wa Kimarekani inayofika darasa la tisa. Shule hiyo itamfaa mjukuu wangu akiwa mdogo. Akikua huko, kumrudisha kwenye mitihani ya kwetu ni kazi nyingine, usidanganywe na majengo.

Na mkeo Zaituni? Katika ujumbe wako mrefu hukumtaja hata mara moja. Yeye ni mkunga wa serikali, na kuingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali unajua lilivyokuwa jambo. Kwanza aulize wilayani kama anaweza kupewa likizo bila mshahara, kisha ndipo mzungumzie koti na masanduku.

Joto unalisema kama mchezo kwa kuwa umezoea Wanseko. Kule kiangazi hupita nyuzi 45 na unyevu wa bahari juu yake, hata serikali inakataza kazi za juani saa sita hadi saa tisa kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Habari za vita nazo usizifiche kwa mkeo: Septemba 2019 mitambo ya mafuta ya Abqaiq ilishambuliwa kwa droni, na hapo si mbali na Dhahran. Mazuri yapo pia, sikatai. Mshahara wa mgeni haukatwi kodi ya mapato, riyali imefungwa kwa dola tangu 1986 kwa hiyo haiyumbi kama shilingi yetu, na Makka utakuwa nchi moja nayo. Hilo la Makka baba yako analirudia kila akinywa chai.

Jibu langu: kama mkataba ni wa kampuni yenyewe na familia imo, nenda, ukiwa umepanga miaka mitano. Sheria yao hutoa kiinua mgongo cha nusu mshahara wa mwezi kwa kila mwaka katika mitano ya mwanzo, na mwezi mzima kwa kila mwaka unaofuata. Ukiacha mwenyewe kabla ya miaka miwili hupati kitu, kabla ya mitano unapata theluthi moja tu. Kama ni wa wakala na ni wa peke yako, baki Buliisa, hata kama mshahara ni mara nne. Na ukienda usikatize NSSF, ule mfuko wetu wa akiba ya uzeeni. Tangu 2022 unaweza kuweka kwa hiari.

Kabla hujasaini nitumie kurasa zote, si ile yenye mshahara peke yake. Nataka kuona muda wa majaribio, notisi ni ya siku ngapi kwa kila upande, na nani analipa tiketi za kurudi wakikupunguza. Na mpe Zaituni simu aniambie yeye mwenyewe anataka nini. Nitakuwa nyumbani Jumapili baada ya adhuhuri.

Mama yako