Mama mwenye homa ya ini B na mtoto anayetarajiwa

Dada yangu, umeuliza kama majibu yako ya homa ya ini B, yaliyotoka chanya ukiwa na ujauzito wa miezi mitano, yana maana kwamba mtoto ataambukizwa, na kama utaweza kunyonyesha. Maambukizi hayo yanazuilika, na mtoto akishachanjwa utamnyonyesha bila hofu.

Jambo zito kuliko yote ni saa 24 za kwanza, kwa sababu virusi hupita zaidi wakati wa kujifungua, na kati ya watoto wachanga 10 wanaoambukizwa, takriban 9 hubaki navyo kwa muda mrefu. Mtoto achomwe chanjo ya homa ya ini B pajani ndani ya saa hizo, pamoja na imunoglobulini (sindano ya kingamwili zilizo tayari) kama inapatikana, kisha amalize penta (chanjo ya pamoja yenye pia kinga ya homa ya ini B) za wiki ya 6, 10 na 14. Chanjo ya kuzaliwa haipatikani katika kila kituo. Nakusihi umuulize muuguzi wa kliniki sasa, usingoje siku ya uchungu, na majibu yako yaandikwe wazi kwenye kadi, maana watakaokupokea usiku huenda hawakufahamu.

Omba pia kupimwa wingi wa virusi. Vikiwa vingi, daktari huanzisha tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, mara nyingi kuanzia wiki ya 28, nawe usiiache bila ushauri wake. Kujifungua kwa upasuaji hakuhitajiki kwa sababu hii pekee.

Mtoto apimwe akiwa na miezi 9 hadi 12. Mumeo apimwe sasa, na asipokuwa na maambukizi wala kinga, achanjwe.