Maswali ya Wasomaji: Mume anataka kijivu, mama mkwe anataka nyeupe

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, tumejenga Sahare, si mbali na bahari. Bati ni la damu ya mzee, na plasta ya nje imemalizika wiki mbili zilizopita. Sasa rangi imetugawa. Mume wangu ameona kwenye simu nyumba za kijivu kizito za Dar es Salaam, hataki kusikia kingine. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyetupa kiwanja, anasema nyumba ya pwani ni nyeupe. Mimi roho yangu iko kwenye njano ya embe dodo. Dukani wametupa kadi ya rangi yenye vipande visivyohesabika, tumezidi kuchanganyikiwa. Tumsikilize nani? – *Mwalimu, Sahare, Tanga*

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongereni sana. Kuifikisha nyumba kwenye plasta si kazi ndogo, wengi huishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

Kadi hiyo iweke kabatini kwanza. Kipande kidogo kama stempu, tena umekitazama chini ya taa ya duka, hakikuambii ukuta utakuwaje. Rangi ikishatanda ukuta mzima juani huonekana nyeupe zaidi na kali zaidi. Njano iliyokaa kwa upole kwenye kadi, ukutani saa saba mchana inachoma macho. Mteja akishaniwekea kidole kwenye rangi kali, namwomba ashuke vipande viwili kuelekea iliyotulia. Wengi hukataa, kisha hunipigia simu baada ya mkono wa kwanza wa rangi.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba rangi unayoinunua siyo utakayoishi nayo. Miaka tisa iliyopita nilipaka nyumba moja Chumbageni. Mwenyewe alitaka zambarau, na nikampa zambarau hasa, watu wakipita wanasimama. Mwaka juzi akaniita niirudie. Nilianza kwa kufungua kibao cha namba ya nyumba kilichopigwa skrubu ukutani. Kilipotoka, chini yake palikuwa na mraba mdogo ambao bado ni ule ule, umekolea kama zambarau zilizoiva, hata alama za nywele za rola unaziona. Ukuta unaouzunguka ulikuwa kama kanga iliyofuliwa miaka mitatu. Upande wa magharibi ndio uliokwisha kabisa. Barazani, chini ya bati, rangi ilikuwa imebaki nusu. Nyumba moja ilikuwa na zambarau tatu. Nilisimama pale na bisibisi mkononi, nikaona aibu kwa sababu miaka ile nilikuwa najua na sikumwambia.

Sababu yake ni hii. Zambarau, waridi, nyekundu ya nyanya na njano ya embe, mara nyingi ukali wake unatokana na chembe ambazo mionzi ya jua huzivunja kidogo kidogo. Rangi za udongo, yaani njano ya ufinyanzi, hudhurungi, kahawia na nyekundu ya tofali, asili yake ni kutu ya chuma. Kutu imekwisha kukutana na jua na hewa, haina cha kupoteza tena. Barabara ya Muheza udongo mwekundu umekaa juani tangu dunia iumbwe na haujapauka. Hizo kali, kwetu hapa, ni waja leo waondoka leo.

Na jua letu halina huruma. Tanga ipo kama digrii 5 tu kusini mwa ikweta. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hupigwa mwaka mzima. Ukuta wa kaskazini hupata jua lake mwezi wa sita, wa kusini mwezi wa kumi na mbili. Hakuna upande unaosalimika, ila wa magharibi huteseka zaidi, maana jua la alasiri humkuta mtu na nyumba yake vimekwisha kupata moto.

Hapo ndipo nasikitika kumwambia mume wako kuhusu kijivu chake. Kijivu kizito hakipauki sana, hilo namkubalia. Tatizo ni joto. Ukuta mweusi hunywa sehemu kubwa ya jua, tofali likashiba, kisha usiku mkiwa mmelala linautoa moto ule ndani. Chumba cha magharibi mtakihama. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, chumvi ikitoka kwenye plasta huchora michirizi myeupe, na kwenye kijivu kizito michirizi hiyo inaonekana kutoka barabarani. Mpe kijivu chake kwenye nguzo za baraza na kwenye geti. Pale kitapendeza, tena kwa bati la damu ya mzee kitakaa vizuri.

Mama mkwe ana haki yake. Nyeupe ndiyo inayorudisha jua kuliko rangi zote, na wazee wetu hawakupaka chokaa kwa kukosa pesa ya kitu kingine. Baba yangu alikuwa mpaka chokaa Ngamiani. Nilimshikia ngazi tangu nina miaka kumi. Mawe ya chokaa yaliyokwisha chomwa aliyatia kwenye pipa la maji, yakatokota yenyewe bila moto, nasi watoto tukifukuzwa mbali kwa sababu ya macho. Ikishapoa aliongeza chumvi na bluu kidogo ya kufulia, ili weupe usiwe wa kufa, akapaka kwa brashi ya katani aliyoifunga mwenyewe. Lakini zile nyumba zilipakwa upya karibu kila mwaka, kabla ya Idi. Wewe mwalimu huna nafasi hiyo. Nyeupe safi ya dukani, masika mbili tu, utaona ukungu mweusi chini ya tenki la maji na chini ya madirisha, na matope yaliyoruka hadi magotini.

Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningepaka krimu inayoelekea udongo, kama ganda la yai la kienyeji. Si nyeupe, lakini inarudisha jua karibu sawa na nyeupe, na njano yako imo ndani yake, imetulia. Chini pigeni mkanda wa kahawia wa sentimita 60 kuzunguka nyumba nzima, ili matope ya masika yapate pa kukaa bila kuonekana. Fremu na chini ya baraza pabaki peupe. Mama mkwe akija atapaona.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Nunua kopo la lita moja la krimu, na kama mume bado hajatulia, na la kijivu pia. Pakeni mraba wa mita moja kwa mita moja, mikono miwili, ukuta wa mashariki na wa magharibi. Acheni ikauke, maana rangi mbichi inadanganya. Kisha mtazame saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni, mkisimama barabarani. Saa nane mchana mume aweke kiganja kwenye kijivu, halafu kwenye krimu. Sijaona ubishi uliodumu baada ya hapo.

Ila msipake nyumba sasa. Plasta yenu ina wiki mbili, nayo inataka angalau siku 28, na kwa unyevu wa Sahare ngojeni zaidi. Plasta mbichi ina ukali wa saruji unaochoma rangi na kuifanya iwe na mabaka. Nasema hivi kwa uchungu. Dada yangu alikuwa na harusi ya bintiye, akataka nyumba iwe tayari, nami kwa mapenzi nikampakia plasta ikiwa na siku kumi na moja. Fundi wa plasta naye alikuwa ametumia mchanga wa ufukweni. Wiki ya sita ukuta ulianza kuota unga mweupe, rangi ikainuka malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji. Ilibidi tukwangue ukuta wote, gharama mara mbili, na sikuweza kumlipisha.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, ukuta bado una maji. Unga mweupe ukitoka, uufagie kwa brashi kavu, usiuoshe, maana maji huurudisha ndani ukatoka tena. Rudia mpaka ukome.

Siku ya kupaka ikikaribia kuna chumvi ya pili, ile ya upepo. Mimi hulowesha kidole, nikakipitisha ukutani, nikakionja. Vijana wangu walishazoea. Kikiwa na chumvi, ukuta unaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kuachwa ukauke, ndipo praima, yaani rangi ya msingi, ya kuzuia ukali wa saruji, kisha mikono miwili ya rangi ya maji ya nje. Iwe ya nje kweli, iliyoandikwa hivyo kwenye ndoo. Ya ndani ni rahisi, lakini masika moja inaishusha. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndio wakati mzuri. Masika ikishaanza Machi, acheni. Na fundi afuate kivuli: asubuhi apake ukuta wa magharibi, mchana ahamie mashariki. Rangi ikipakwa juani hukauka juu kabla haijashika.

Kiasi: hukuniambia vipimo, basi chukua mfano wa nyumba ya mita 12 kwa 10. Mzunguko ni mita 44, kimo mita 3, hiyo ni mita za mraba 132. Toa 20 za milango na madirisha, zinabaki 112, na kwa mikono miwili ni 224. Lita moja kwenye plasta ya kawaida nahesabu mita 8, kwa hiyo ni lita 28: ndoo moja ya lita 20 na galoni mbili za lita 4. Ongeza galoni moja ya akiba. Nunua zote siku moja, kisha fundi azichanganye kwenye pipa moja kabla hajaanza, maana rangi iliyotengenezwa leo na ya wiki ijayo hazifanani hata kama namba ni moja, na tofauti itaonekana katikati ya ukuta.

SWALI: Nyumba ya babu yetu ipo Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ni ya mawe. Kila tukiipaka rangi nzuri ya nje, mwaka haufiki inabanduka kama maganda. Tubadilishe kampuni? – *Mjukuu, Bagamoyo*

JIBU: Kampuni haina kosa. Nyumba hiyo imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nayo hupumua. Maji hupanda kutoka ardhini na kutokea ukutani kama jasho. Rangi ya plastiki huziba matundu, maji yakakosa njia, yakaisukuma rangi. Plasta ya saruji nayo hufanya hivyo hivyo, na ikianguka huondoka na jiwe. Rudini kwenye chokaa: kwangueni rangi yote, lowesheni ukuta, pakeni chokaa nyepesi mikono mitatu au minne. Mkitaka rangi, tieni udongo mwekundu au wa njano uliochujwa. Lakini kabla ya brashi ya kwanza, nendeni kwa watu wa Mambo ya Kale, wale wa serikali wanaosimamia majengo ya kale, maana nyumba za kale zinalindwa kisheria, na huenda wao wanawajua mafundi wa chokaa waliobaki.

SWALI: Fundi wangu anasema rangi ya mafuta ndiyo inayodumu, tupake kuta zote za nje. Ni kweli? – *Baba wa watoto wanne, Makorora*

JIBU: Hapana, kaka. Rangi ya mafuta iende kwenye fasia, yaani mbao za ukingo wa paa, na kwenye milango na grili. Ukutani itafunga unyevu na kupasuka. Na ikiwa nyumba ni ya zamani na ina rangi ya mafuta ya zamani, huenda ina madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu. Msiikwangue kavu. Lowesheni ndipo mkwangue kwa msasa wa maji, fundi afunge pua, unga wote ukusanywe, na hao wanne wapelekwe kwa bibi yao siku hiyo.