Mwanao Akishika Chama Kingine, Usimnyime Radhi

Juzi mama mmoja wa Unguja amenitumia ujumbe wa sauti, analia. Mwanawe anasoma chuo kikuu, ameweka picha mtandaoni ameshika bendera ya ACT-Wazalendo, chama cha upinzani. Mumewe ni mtu wa CCM tangu ujana wake. Baba akampigia kijana simu na kumwambia Sikukuu asije, na kama anakitaka chama hicho basi na akale huko huko. Mama anauliza: nisimame na nani, mume au mwana?

Nilimjibu kwa kifupi, lakini jambo lenyewe halikuniacha, na najua hayuko peke yake. Uchaguzi wa Oktoba 2025 umepita, bendera zimeshushwa, ila zipo nyumba Zanzibar ambazo hadi leo mzazi na mtoto hawatazamani usoni. Mimi nimewahi kuwa mtoto wa nyumba hiyo. Naandika kwa yale niliyoyapitia.

Nimekulia kijiji kimoja cha Kaskazini Unguja, kijiji cha kijani kitupu, yaani CCM tupu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kopo la biskuti alilolificha uvunguni mwa kitanda. Ndani yake mlikuwa na kadi yake ya Afro-Shirazi, kadi ya CCM aliyoipata chama hicho kilipoungana na TANU Februari 1977, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne ambayo sisi watoto tulikatazwa hata kuigusa. Kila Januari 12, siku ya Mapinduzi, alivaa kanzu yake safi na kukaa karibu na redio tangu asubuhi. Siasa kwetu haikuwa mada ya kujadiliwa. Ulizaliwa nayo kama ulivyozaliwa na jina la ukoo.

Mimi nikaja mjini kusomea ualimu. Nikakaa bweni moja na wasichana wa Pemba, tukila sahani moja. Wao ndio walionieleza uchaguzi wa 1995 ulionekanaje kutoka kwao, ule ambao CCM iliipita CUF, chama cha upinzani, kwa asilimia 50.2 kwa 49.8, na kwa nini wazee wao hawakuyakubali matokeo hata siku moja. Nilisikiliza, nikasoma, nikauliza. Mwaka 2000 nikaenda kwa miguu yangu mwenyewe kwenye mkutano wa CUF Kibandamaiti. Hakuna aliyenilaghai, hakuna aliyenipa hata shilingi. Nasema hivi kwa sababu jambo la kwanza wazazi hulisema ni kwamba mtoto "ameharibiwa" na wenzake. Mwanao ana akili. Wewe ndiye uliyempeleka skuli.

Ami yangu mmoja aliniona mkutanoni, na habari ikafika kijijini kabla yangu. Nilipokwenda nyumbani mwisho wa wiki, baba hakunipiga wala hakunifukuza. Alisema maneno mawili tu: "Hizbu huyu." Kisha akaondoka kwenda msikitini.

Kwa asiyeijua Zanzibar, Hizbu ni jina la chama kilichopinduliwa, na neno lile kwa mzee wa rika la baba yangu si utani. Ni kumwambia mwanao kuwa anataka kuwarudisha waliopinduliwa 1964.

Kutoka siku ile baba alizungumza nami kupitia kwa mama. Nimekaa mkekani hatua mbili kutoka alipo, anasema: "Mwambie mwanao aondoe viatu vyake mlangoni." Nikipika mimi, anasema ameshiba. Nikimpa mkono wa Idi, anaupokea huku anatazama pembeni. Halafu ikaja Januari 2001. Maandamano ya CUF yakazimwa kwa risasi, watu zaidi ya 30 wakauawa, wengi wao Pemba, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Mmoja wa wasichana niliokuwa nikila nao sahani moja alivuka na watu wa kwao. Nilikuja nyumbani nikiwa nimevimba macho. Nilitaka baba anambie pole tu. Hakusema neno.

Lililoniumiza kuliko yote ni harusi. Niliposwa na mwalimu mwenzangu wa Wete, Pemba, baba hakukataa, kwa sababu alimwogopa Mungu. Alimpa sheikh idhini aniozeshe kwa niaba yake. Yeye alikwenda shamba. Mchana wa akdi yangu, wanaume wamejaa barazani, kiti cha baba yangu amekalia ami, yule yule aliyenisemea. Nimeshamsamehe marehemu, na namuombea kila Ijumaa. Lakini sitadanganya kwamba nimesahau.

Na haya sasa nawaambia wazazi kwa sauti kubwa. Novemba 5, 2009, Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, walikutana Ikulu wakapeana mikono. Julai 31 mwaka uliofuata tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 tukakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Waliokuwa mahasimu wakakaa baraza moja la mawaziri. Sisi kwetu mama bado alikuwa tarishi. Wakubwa wa vyama wanagombana leo na kesho wanapatana, ndiyo kazi yao, na wakishapatana hakuna atakayekuja kwako kukurudishia mwanao. Tumeyaona tena Disemba 2020, Maalim Seif, wakati huo akiwa ACT-Wazalendo, alipoapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wangapi mlikuwa mmeshawafukuza watoto wenu kwenye uchaguzi wa Oktoba?

Baba alikuja kunifungulia moyo alipougua. Nilimhamishia kwangu mjini, na mume wangu, yule Mpemba, ndiye aliyekuwa akimbeba kumpeleka kuoga. Jioni moja akanituma nilete lile kopo, akatoa ile karatasi iliyokunjwa. Ilikuwa ya eka tatu. Babu yangu alikuwa mtu wa kukaa kwenye shamba la mtu mwengine. Alilima mihogo chini ya mikarafuu isiyokuwa yake, na angeweza kuambiwa aondoke wakati wowote. Baada ya Mapinduzi serikali ya mzee Abeid Karume, baba yake Amani, iligawa mashamba eka tatu tatu, na babu akapata. Baba akaingia skuli bila ada. "Nilipokuona na wale," aliniambia, "nikajua hii karatasi wataichukua."

Nililia sana. Si kwa sababu nilibadili mawazo, maana sikubadili. Nilichoamini kuhusu haki ya kura naendelea kukiamini. Nililia kwa kuwa karatasi ile ilikuwepo uvunguni miaka yote, na lau angenionyesha mwaka 2000 tungezungumza. Badala ya kisa chake alinipa tusi la watu wengine.

Mzazi, hili ndilo ninalokuomba. Mpe mwanao kisa chako. Usimpe kauli mbiu, usimpe maneno ya maskani, vile vijiwe vya chama, hayo anayasikia njiani. Mwambie uliona nini, nani alikutendea nini, unaogopa nini. Wengi wenu mnachokiita hasira ni hofu: hofu ya kijana kukamatwa, hofu ya kukosa kazi serikalini, hofu ya jirani kukunyooshea kidole. Basi sema unaogopa. Mtoto akiambiwa "naogopa mwanangu" hukaa akasikiliza.

Kisha muulize na yeye ameona nini, nawe unyamaze mpaka amalize. Usiite kikao cha ukoo kumshitaki. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya ami na shangazi zake hashawishiki, anakuwa sugu. Na la mwisho, ambalo ndilo la kwanza: usiiguse radhi. Usimwambie "sina radhi nawe" kwa ajili ya kadi. Radhi ya mzazi ni jambo la Mungu, mtoto huenda nayo kaburini. Chama ni cha dunia na kila miaka mitano kina mgombea mwengine.

Mimi mwenyewe nimefikiwa. Mwanangu mkubwa, aliyezaliwa baada ya Januari 2001, amechukua kadi ya CCM. Anasema anaona barabara, anaona hospitali, anataka kazi, na hizo hadithi zetu za vyama zimemchosha. Nilimkalisha jikoni nikamwambia kuhusu rafiki yangu wa Shimoni na kuhusu Kibandamaiti, kila kitu. Nikampa na kopo la babu yake alishike. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia amenielewa, na kadi bado anayo. Sikuisema tena. Anakuja kula kwangu kila siku, ananitania, namjibu, na baba yake anacheka. Najivunia hilo kuliko cheti chochote nilichonacho.

Sasa mama yangu uliyenitumia ujumbe. Usichague. Mpigie mwanao leo, mwambie baba yake amekasirika ila nyumba ni yao wote, na Sikukuu aje. Akija asivae fulana ya chama, amsalimu baba yake kwanza, amshike mkono hata kama hautaki. Kuhusu mumeo, usibishane naye wewe. Mtafute mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa au sheikh wa msikiti wenu, azungumze naye faragha. Mtu wa tawi la chama usimshirikishe, wala kwa upande wa mumeo wala wa mwanao. Na ikiwa mumeo naye ana karatasi yake imekunjwa mahali, mwambie amuonyeshe kijana sasa, angali mzima.