Makro bila lenzi ya gharama: anza na mti ulio uani kwako

Mkuu, umeuliza kama mtu wa mjini mwenye kamera ya kawaida na lenzi ya 50 mm anaweza kupiga picha za wadudu bila kununua lenzi ya makro, yaani ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana. Anaweza. Mimi niko Tanga, msitu wa Amani hauko mbali nami, lakini picha zangu ninazozipenda kuliko zote nimezipigia kwenye mchungwa ulio uani.

Kifaa cha kwanza tafuta mirija ya kukaa kati ya kamera na lenzi. Ndani haina kioo, ni uwazi mtupu, ndiyo maana haiumizi mfuko. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa (kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea picha) ili ikaribie zaidi kitu. Kwa 50 mm yako, ukiunganisha mirija ifike urefu wa kama milimita 50 unapata 1:1, yaani mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 kwenye sensa. Chukua yenye pini za umeme, la sivyo tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, hutaweza kulibadilisha kutoka kwenye kamera. Kama una lenzi ndefu ya zoom, kioo cha kubana mbele kama Raynox DCR-250 nacho ni kizuri sana.

Pesa inayobaki yote iweke kwenye mwanga. Hapa ndipo wengi wanapokatia tamaa wakidhani kamera yao mbovu. Ukiwa kwenye 1:1 na tundu la f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), sehemu inayoonekana kali ni kama milimita moja tu, hivyo jicho la nzi likiwa kali, bawa lake limeshafifia. Ukibana tundu kupata kina zaidi, giza linaingia, tena kwa kasi kuliko unavyotarajia: kwenye 1:1 f/16 inafanya kazi kama f/32, na picha nzima inaanza kupoteza ukali. Mimi nakaa f/8 hadi f/11, kasi ya shata 1/200 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 200, na mwanga wote natoa kwenye flashi ndogo niliyoishusha nguvu. Flashi ikishushwa hivyo mwako wake ni mfupi mno, ndio unaogandisha mtikisiko wa mkono. Mbele yake weka kitambaa cheupe au karatasi ya kuokea, pana na karibu na mdudu kadiri atakavyokuvumilia. Bila hicho, mgongo wa mbawakawa unang'aa doa jeupe na rangi zote zinapotea.

Fokasi ya otomatiki izime. Weka ukaribu unaoutaka, kisha sogea mwenyewe taratibu mbele na nyuma, ubofye jicho linapokuwa kali.

Sasa mti. Mchungwa wangu una maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Kwa macho matupu unaona msururu tu. Kwa makro unaona wanavyoshikana viuno kuvuta kingo mbili za jani, halafu mwingine anakuja na buu mdomoni na kumpitisha huku na huku, kwa sababu uzi wa kushonea unatoka kwa buu. Wakulima wa minazi wa pwani wanawathamini, wanafukuza kidudu kinachotoboa vidaka, zile nazi changa. (Wanauma kwelikweli, chomeka suruali kwenye soksi.)

Na katikati yao, angalia vizuri, anaweza kuwapo asiye wao. Kuna buibui warukao wanaofanana na maji moto kwa rangi, umbo na mwendo. Hesabu miguu: ni minane, lakini ile ya mbele anainua juu kama vipapasio vya kichwani mwa mdudu. Siku nilipomwona kwenye kioo cha kamera nilipiga kelele mke wangu akatoka jikoni. Tulikaa pale, chai ikapoa.

Toka alfajiri, umande haujakauka. Wadudu wengi wakiwa na baridi hawaruki, kereng'ende utamkaribia mpaka uone vijicho vidogo vinavyounda jicho lake. Kuna wanaowatia wadudu kwenye friji ili watulie. Mimi nalipinga kabisa jambo hilo, mdudu anaweza kuumia na picha inakuwa ya uongo.

Ukishazoea 1:1 na ukataka kwenda zaidi, kuna pete ya kuigeuza lenzi mbele nyuma. Lenzi ya 28 mm ikigeuzwa inapita 1:1 kwa mbali. Ila kwa sasa mirija inakutosha. Una mti gani hapo kwako?