Fundi wa Modeli Anajibu: Sketi Zimeingia Ukungu

SWALI: Shikamoo Fundi. Naunda modeli ya Chaparral 2J, gari la mbio la Marekani la mwaka 1970, kwa kipimo cha 1/24, yote kwa karatasi za plastiki nilizokata mwenyewe. Bodi imekamilika. Juzi usiku nilibandika sketi, yaani vile vizuizi vinavyoning’inia kwenye ukingo wa chini wa bodi, za plastiki angavu kwa supagluu, nikafunika modeli kwa bakuli isipate vumbi. Asubuhi nikakuta sketi zina ukungu mweupe usiofutika. Nizing’oe? Na je, sketi ziguse meza au zielee? Picha zinanichanganya.

JIBU: Marahaba. Zing’oe.

Bakuli ndilo lililokuponza. Supagluu ikikauka hutoa mvuke, na mvuke ule ukikosa pa kutokea huganda juu ya plastiki iliyo karibu. Nami niliwahi kufanya hivyo hivyo, tena kwa kioo cha mbele, siku ya mwisho ya kazi. Kata sketi mpya, uzibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani. Ni dhaifu, lakini sketi hazibebi kitu.

Swali lako la pili ndilo tamu. Kwanza amua: gari lako limelala, injini zimezimwa, au limeamka, zinanguruma?

Jim Hall na wenzake wa Midland, Texas, walilipa gari hili injini mbili. Ile kubwa, V8 ya Chevrolet, ilizungusha magurudumu. Ya pili, ndogo ya pistoni mbili, ya aina ya magari ya thelujini, kazi yake ilikuwa kuendesha feni mbili za nyuma zilizofyonza hewa kutoka chini ya gari. Sketi za Lexan, plastiki ngumu angavu, zilizuia hewa ya nje isiingie kujaza nafasi hiyo, na gari likavutwa chini hata kwenye kona ya polepole, ambako bawa la kawaida halisaidii kitu. Sketi hazikuburuzwa. Zilifungwa kwa nyaya na kapi kwenye saspensheni ili zibaki kama inchi moja juu ya lami, gari likiinama au likiinuka.

Inchi moja kwa 1/24 ni milimita moja. Kwa hiyo gari lililoamka lina mwanga mwembamba wa milimita moja kati ya sketi na meza. Weka kadi nyembamba za unene huo chini yake unapobandika, uzichomoe gundi ikikauka. Ukitaka gari lililolala, bodi lazima ikae juu kidogo, na hapo utakuwa umefuta kitu pekee kinacholitofautisha na sanduku. Mimi ningeliamsha. Mjukuu wangu alipoona langu aliuliza kama ni friji, na sikuwa na jibu la haraka.

Feni halisi zilikuwa na upana wa inchi 17, yaani milimita 18 kwako. Usichore mapanga kwa kalamu, tafadhali. Yakate kwa karatasi ya bati la kopo la soda, uyapinde kidogo kidogo kwa koleo, yote upande mmoja.

Namba ya gari, 66, iweke kwa mkono usiotetemeka. Ukiipa modeli dereva, chagua: Jackie Stewart aliliendesha kwenye uwanja wa mbio wa Watkins Glen Julai 1970 akaweka mzunguko wa kasi kuliko wote, kisha Vic Elford akalichukua, akaongoza kufuzu kwenye viwanja vya Road Atlanta na Riverside. Halikushinda hata mbio moja. Liliharibika mara kwa mara. Msimu ulipoisha likapigwa marufuku, kwa hoja kwamba feni ni kifaa cha kuongoza hewa chenye sehemu zinazosogea, kitu kilichokatazwa. Mimi naona wapinzani walikuwa wamechoka kulitazama kwa nyuma.

Ukituma picha, piga ya nyuma. Mbele hakuna cha kuona.