Kiingereza cha mtaani: elewa mengi, sema machache

Vijana wengi wanaoanza kazi za wageni hapa Dar, iwe hotelini Masaki, kwenye boti za Zanzibar au kutembeza watalii Kariakoo, Kiingereza cha darasani wanacho. Kinachowaangusha ni kile cha mtaani. Mimi nimekaa mapokezi ya hoteli miaka mingi na ushauri wangu kwao ni huu: jitahidi kuyaelewa maneno hayo mengi kadiri unavyoweza, lakini mdomoni mwako yatoke machache. Usipoelewa utampa mgeni asichokitaka. Ukiropoka utaonekana huna adabu.

Anza na yale yanayofanana na maneno uliyokwisha kuyazoea, maana hayo ndiyo yanayodanganya. Juzijuzi mhudumu mpya alisimama mezani na birika la kahawa, mgeni akamwambia, "I'm good." Kijana kusikia "good", akamimina kikombe kikajaa. Mgeni alikuwa anakataa: asante, nimetosheka. Kadhalika "I'm down" haina maana kwamba mtu anaumwa au ana huzuni. Anasema yuko tayari, twendeni. "I'm up for it" nayo ni hivyo hivyo, ingawa moja ni chini na nyingine ni juu. Halafu kuna "You alright?" ya Waingereza. Hiyo ndiyo "mambo" yao. Hajakuona na dalili za ugonjwa, na hasubiri umweleze ulivyolala. Mjibu "Yeah, you?" muendelee na yenu.

Jambo la pili, jua mgeni katokea wapi. Mwingereza ukimrudishia chenji atasema "cheers", yaani asante, wakati Mmarekani hulitumia zaidi watu wanapogonga glasi. "Mate" ni mshikaji kwa Mwingereza na kwa Mwaustralia, na humwita hivyo hata mtu asiyemfahamu. "Pissed" Uingereza ni mtu aliyelewa, Marekani ni aliyekasirika. Kote si neno la heshima, kwa hiyo lielewe tu, usilitamke kazini.

Kwenye pesa hapo tuwe makini kweli. Sisi tuna jero, buku na msimbazi. Wao dola ni "buck" na pauni ni "quid". Dola zikizidi moja unaongeza s, "ten bucks", lakini pauni huongezi, "ten quid". "Fiver" ni noti ya pauni tano, "tenner" ni ya kumi. "Grand" ni elfu moja, ya pauni au ya dola, nayo haichukui s: "two grand". Mtu akikutajia "grand" wakati mnapanga safari ya Serengeti, usiandike risiti kabla hujamuuliza ni fedha ya nchi gani.

"Gonna" ndiyo inayopendwa kuliko zote mjini, na wengi wanaiweka pasipo pake. Ni "going to" iliyofupishwa, ila hufuatiwa na kitendo tu. Unaweza kusema "I'm gonna eat". Huwezi kusema "I'm gonna Kariakoo". Sema "I'm going to Kariakoo". Na kwenye barua ya kuomba kazi usiiandike kabisa.

Sasa lipo moja ninalowasihi wadogo zangu waliache moja kwa moja: lile la N linalosikika kwenye rap. Vijiweni vijana wanaitana hivyo wakidhani ni "mwanangu" tu. Neno hilo lilitumika kuwadhalilisha watu weusi walipokuwa watumwa Marekani na hata baada ya hapo. Wapo Wamarekani weusi wanaoitana hivyo wenyewe kwa wenyewe, na wapo wengi, hasa watu wazima, wasiotaka kulisikia kwa yeyote. Nimeshuhudia mgeni mweusi akiitwa hivyo kwa nia njema na uso wake ukabadilika pale pale. Kuwa Mwafrika hakukupi ruhusa.

Haya ya mitandaoni, kama "no cap" (sidanganyi) au "rizz", ule ufundi wa kumvuta mtu kimapenzi, neno ambalo wachapishaji wa kamusi za Oxford walilichagua kuwa neno la mwaka 2023, yaelewe yasikupite. Usiyakimbilie, yanachuja upesi. "Cool" imekuwepo tangu enzi za wanamuziki wa jazz na hadi leo haimkeri mtu.

Ukikwama, uliza: "Sorry, what does that mean?" Wageni wengi hufurahi kueleza. Mimi huandika neno kwenye simu, na pembeni yake nchi na rika la aliyelisema. Nikishalisikia kwa watu tofauti tofauti ndipo nalitumia, tena kwa wa rika langu. Mzee wa miaka sabini akiniita "mate", mimi namjibu "yes, sir", kama ambavyo mzee wa hapa akinitania bado nampa shikamoo yake.