Kwodi ilikuwa sawa Kisumu, Molo inatoa moshi mweusi

SWALI: Fundi, nina kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya kabureta niliyoinunua Kisumu, na huko ilikwenda vizuri. Tangu niilete shambani Molo haina nguvu, inatoa moshi mweusi na plagi inajaa masizi. Siku za mvua ndiyo mbaya zaidi. Fundi wa hapa ameizungusha skrubu ya kabureta mpaka amechoka, sasa anataka kuondoa chujio la hewa na kutoboa jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli ndani ya kabureta, ili injini ipumue. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Jeti ikitobolewa inapitisha petroli nyingi zaidi, na ugonjwa wa kwodi yako ni petroli kuizidi hewa. Huo moshi mweusi unasema hivyo.

Kisumu iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, Molo inakaribia 2,500. Ukipanda hivyo hewa inakuwa nyepesi. Baridi ya Molo huirudishia uzito kidogo, lakini bado inabaki pungufu kwa takriban sehemu moja kati ya kumi, ilhali jeti ni ileile. Unyevu wa mvua nao huchangia, ila kidogo tu. Siku za mvua kagua kwanza chujio lililolowa na maji yaliyoingia kwenye bakuli la kabureta. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli, umwage kilichomo kwenye chupa safi, uone kama maji yametulia chini ya petroli.

Hiyo skrubu ya ubavuni ndiyo inayonikera. Mteja akisema pikipiki haivuti, mkono wa fundi unakimbilia pale. Skrubu hiyo hutawala injini ikinguruma bila kwenda, na pale unapoanza tu kubonyeza mafuta. Ukishabonyeza nusu, sindano iliyo ndani ya kabureta ndiyo inayoamua. Ukibonyeza mpaka mwisho, ni jeti kubwa, yaani ile kuu. Tena skrubu si za aina moja. Ikiwa upande wa chujio, kwa kawaida hupima hewa, na kuilegeza hupunguza utajiri wa petroli. Ikiwa upande wa injini hupima petroli, na kuilegeza huongeza. Asiyejua tofauti hiyo anabahatisha kwenye mali yako. Na injini kugoma asubuhi ya baridi ni kazi ya choki. Vuta choki, iache ipate joto, kisha uirudishe.

Dawa yako ni jeti kubwa yenye namba ndogo kidogo kuliko iliyomo. Namba hiyo ya ukubwa wa tundu imechongwa kwenye shaba yake. Shuka hatua moja, ikibidi mbili, huku chujio likiwa safi na liko mahali pake. Panda mlima ukiwa umebonyeza mafuta mpaka mwisho, uzime injini hapohapo, ikipoa kidogo ufungue plagi. Rangi ya kahawia kwenye kauri ndiyo unayoitaka. Nyeusi kavu, petroli bado imezidi. Nyeupe, umepitiliza, rudi kwenye namba kubwa zaidi. Hata hivyo usitarajie nguvu zote za Kisumu, kwa sababu hewa ya kuzizalisha haipo.

Hili la kuondoa chujio nalisikia kutoka Njoro hadi Kericho, na watu huliamini kwa kuwa moshi kweli hupungua. Hewa imeongezeka, mteja anafurahi, fundi analipwa. Kiangazi kikija, vumbi la barabara za shamba linaingia moja kwa moja na kukwangua silinda kama msasa. Ukifungua injini ya namna hiyo unakuta mikwaruzo ya wima kwenye pistoni, na ukipitisha kidole ndani ya bomba la hewa kinatoka na changarawe. Moshi unarudi, safari hii wa bluu, maana ringi zimelika na oili inaungua. Hapo hakuna jeti ya kukuokoa.

Wanaochokonoa jeti kwa waya wa chuma ni walewale. Shaba ni laini, tundu hupanuka, na namba iliyochongwa haina maana tena. Jeti iliyoziba husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa.

Ile jeti ya zamani usiitupe. Ukiipeleka kwodi Kisumu, au ukimuuzia mtu wa huko, irudishe kabla haijapigwa resi, kwa sababu jeti ndogo kwenye hewa nzito huifanya injini kukosa petroli, na pistoni huweza kupata joto mpaka ikatoboka.